Sauti Iliyopanda Peke Yake

Mjomba wangu ni fundi wa cherehani, na kazi hiyo anaifanya kwa masikio. Ukimletea mashine hakuulizi inasumbua nini. Anakwambia kanyaga. Unakanyaga, yeye anafumba macho, kichwa kaweka upande kama kuku aliyesikia mwewe, halafu anasema, "Kuna uzi umejisokota chini ya sahani. Na hiyo bobini si ya mashine hii, umeiazima." Mteja anabaki mdomo wazi, maana bobini kweli kaiazima.

Kazi yenyewe iko chumba cha mbele cha nyumba. Kuna benchi moja refu lililolowa mafuta mpaka limekuwa jeusi, mikanda ya ngozi imetundikwa msumarini, na mashine saba au nane zimejipanga ukutani na vikaratasi shingoni kama wagonjwa. Siku nzima mjomba anaguguna wimbo. Sio kuimba, kuuguguna kama mfupa: sauti nzito inayotoka chini ya meza, kiasi kwamba wageni hudhani kuna mashine imewashwa.

Watu wa rika lake hawamwiti fundi. Wanamwita Zumari. Jina hilo linahitaji maelezo, kwa sababu ukimsikia mjomba akisema "karibu" pale mlangoni, unafuta miguu mara mbili kwa woga. Sauti ile na zumari ni kama gunia la mkaa na kibiriti.

Zamani sana, akiwa na miaka ishirini na saba, mjomba alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi. Waliingia studio siku moja, wakarekodi nyimbo sita, na mmoja katika hizo sita ulishika redio zote. Unaitwa "Nimechelewa Kidogo." Mwanamume kasimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, anajieleza kwa mkewe. Ubeti wa kwanza anasingizia kazi. Ubeti wa pili anasingizia mvua. Ubeti wa tatu anaishiwa uongo, anasema ukweli, na mlango unafunguliwa. Sauti inayojieleza ni nyembamba, nyepesi, inakimbia kama mtu anayeshuka ngazi na habari njema mkononi. Ndipo lilipotoka jina la Zumari.

Kumbi zikaanza kuwaita. Watu wakaja kusikia sauti ile ile, na sauti ile ile haikutokea. Mjomba alikunywa tangawizi, alikunywa mayai mabichi, alifunga shingo kwa skafu kwenye joto la kukaanga karanga. Haikufika. Jumamosi moja, ukumbi umejaa hadi madirishani, akajikaza kuipanda, ikamkatikia katikati ya neno. Mtu mmoja nyuma kabisa akapaza: "Mleteni Zumari wa kweli!" Ukumbi mzima ukadaka. Zumari wa kweli! Zumari wa kweli! Walikuwa wamejiaminisha kwamba aliyeimba kwenye santuri ni mwingine, na huyu ni tapeli aliyevaa suruali yake.

Wiki nzima baada ya hapo hakuweza hata kuita teksi. Daktari akamwangalia, akamwambia koo lako zima kabisa. Mjomba hakumwamini. Alijua moyoni mwake kwamba alikuwa na sauti, akaiharibu kwa kuilazimisha usiku mmoja. Gitaa akampa mpiga ngoma, akaenda kujifunza cherehani kwa mzee mmoja aliyekuwa nusu kiziwi. Huko angalau hakuna ambaye angemwambia imba.

Hiyo ndiyo hadithi tuliyokua nayo nyumbani. Mtu mwingine ana baba aliyepoteza kiwanja, sisi tuna mjomba aliyepoteza sauti.

Sasa, miaka thelathini na sita baadaye, akaja dada mmoja wa kampuni ya muziki. Mrefu, mwepesi wa maneno, miwani kaivaa juu ya kichwa na hakuwahi kuishusha machoni. Alikuwa ameupata utepe wenyewe, ule wa studio, kwenye ghala la studio iliyokwisha kufungwa. Kampuni yake ilitaka kutoa upya zile nyimbo sita, zimechanganywa upya, na wazo lake lilikuwa kwamba mchanganyaji awe mwenye nyimbo mwenyewe.

"Utepe tumeupeleka kwa wataalamu," akasema. "Wameuoka kwanza, ndiyo ukachezeka."

Mke wa mjomba, ambaye nyumba nzima tunamwita Bi Mkubwa ingawa ni mfupi kuliko friji, akasimamisha kumenya vitunguu. "Wameuoka?"

"Ndiyo, mama. Utepe wa zamani hunata. Unawekwa kwenye joto dogo saa kadhaa, unakauka."

"Na ukiungua?"

"Basi wimbo umeungua."

"Mjini kuna kazi," Bi Mkubwa akasema, akarudi kwenye vitunguu.

Mimi ndiye niliyepewa kukaa kwenye kompyuta. Nilikuwa na programu ya kuchanganyia muziki, na nilikuwa na nusu ya stashahada ya umeme, ile nusu nyingine mama yangu huitaja mbele ya wageni kwa sauti ya msibani. Tukaandaa chumba cha nyuma. Tukaegemeza magodoro mawili ukutani ili kuku wa jirani wasiingie kwenye historia ya muziki, tukaweka maiki, spika mbili na kiti cha mjomba.

Utepe ulikuwa na njia nne. Kwa wasiojua, ni kama nguo iliyofumuliwa mishono: ngoma na besi kipande kimoja, gitaa kipande kimoja, tarumbeta kipande, sauti kipande. Kuchanganya upya ni kuishona nguo ile ile tena, ila sasa unaamua mwenyewe kola ikae wapi.

Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu. Mjomba alikuwa anawasikia wenzake mmoja mmoja, baadhi yao wakiwa wameshatangulia mbele ya haki. Mpiga tarumbeta anasikika akikohoa kabla ya kuingia. Mtu anasema "tena" na mwingine anamjibu "tena nini, nina njaa." Mjomba alicheka hadi machozi, halafu akaanza ukali.

"Hiyo besi ipunguze. Inatembea na viatu ndani ya nyumba."

"Hivi?"

"Hapo. Na hili gitaa limepigwa vibaya. Nani huyu?"

"Ni wewe, mjomba."

"Limepigwa vibaya."

Tulishona nyimbo tano namna hiyo. Tulipofika kwenye "Nimechelewa Kidogo," tukakuta balaa. Ukungu ulikuwa umeula ukingo wa utepe ilipo njia ya sauti. Ubeti wa kwanza upo. Ubeti wa pili upo. Ubeti wa tatu, sauti inasikika kama mtu anayeimba ndani ya gunia, kisha gunia linafungwa mdomo, kisha kimya. Vyombo vinaendelea peke yao.

Kwenye santuri ubeti upo, lakini humo sauti na vyombo vimeshakuwa kitu kimoja, kama sukari kwenye chai. Nilijaribu programu ya kuitenga. Ilitoa mtu aliyemeza nyuki. Na bila ubeti wa tatu huyo mume anabaki nje ya mlango wake na uongo wake wa mvua, na hakuna anayemfungulia mpaka siku ya kiama.

Ikabidi uimbwe upya. Jumatatu asubuhi mjomba akasimama mbele ya maiki. Nikamwekea vyombo masikioni. Akavuta pumzi, akapanda, akapanda, na mahali pale pale palipomtupa miaka ile, pakamtupa tena. Akajaribu mara nne. Mara ya nne hata sikubonyeza kurekodi, nilijifanya tu. Akavua hedfoni, akaziweka juu ya kiti kwa uangalifu kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Nikampigia dada wa kampuni. Hakushtuka hata kidogo.

"Usijali. Nina kijana wangu, ana sauti nyembamba hiyo hiyo, huwezi kutofautisha. Alhamisi nakuja naye, anaimba ubeti mmoja, tunamaliza."

Nikamgeukia mjomba nikidhani atakataa. "Wazo zuri," akasema. "Zuri sana. Kijana ataiweza." Akaenda chumba cha mbele, akafungua mashine aliyokwisha kuitengeneza Jumamosi, akaitengeneza tena.

Jumanne Bi Mkubwa akanivuta jikoni kwa mkono wa shati.

"Mjomba wako haguguni."

"Amechoka labda."

"Miaka thelathini na mitatu nalala na mtu anayeguguna mpaka kwenye usingizi. Jana kimya. Leo kaoga kimya. Nimegonga mlango wa bafu nikidhani kaanguka." Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeleta ukungu. "Wimbo wake mwenyewe, na kuumalizia anaitiwa mtu. Fanya kitu. Si ulisoma, wewe?"

"Nusu, Bi Mkubwa."

"Basi fanya nusu."

Nikaenda kufanya nilichoweza, nacho kilikuwa kufagia. Kabla ya kijana kuja nilitaka njia ya sauti iwe safi, na kwenye zile sehemu za kimya kulikuwa na mvumo. Kila kitu kinachochomekwa ukutani huvuma kidogo, nnn, hata friji yako. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara hamsini kila sekunde, na mvumo wake hukaa hapo hapo kwenye hamsini. Umeme ukiwa dhaifu au ukiwa na nguvu, balbu itafifia au itawaka, lakini hamsini haihami. Ni jambo la wiki ya kwanza darasani, kabla sijaanza kutoroka vipindi.

Nikaiambia programu itafute mvumo wa hamsini iufute. Haikuuona. Nikatafuta mwenyewe. Mvumo ulikuwa kwenye hamsini na sita.

Kwanza nikalaumu waya wangu. Nikabadili waya. Hamsini na sita. Nikaangalia njia ya gitaa, nayo hamsini na sita. Nikafungua wimbo wa kwanza kwenye utepe: hamsini na moja. Wa tatu: hamsini na tatu. Wa tano: karibu hamsini na tano. Mvumo ulikuwa unapanda ngazi wimbo hadi wimbo. Umeme hauwezi kufanya hivyo. Mitambo ya nchi nzima ingezimika kwa fedheha.

Nikatoka mbio hadi chumba cha mbele. Mjomba alikuwa chini ya benchi anatafuta skrubu.

"Mjomba, siku mlipokuwa mnarekodi, umeme ulikuwaje?"

"Ulikuwepo."

"Ulikuwepo vipi?"

"Swali gani hilo? Ulikuwepo kama mgonjwa yupo." Akatoa kichwa. "Asubuhi ulikuwa mzuri. Kadiri siku inavyokwenda ukawa unapungua. Jioni watu walipoanza kurudi makwao na kuwasha majiko yao, balbu ya pale ndani ikawa nyekundu kama ncha ya sigara. Fundi mitambo alikuwa anatukana mpaka tukamwonea aibu."

"Na 'Nimechelewa Kidogo' mliurekodi wa ngapi?"

"Wa mwisho. Kwa nini?"

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. "Mashine ya utepe ina mota, si ndiyo? Kama hiyo cherehani ya umeme hapo. Umeme ukipungua, mota inafanya nini?"

"Inajikokota," akasema. Kitu cha mashine humwambii mara mbili.

"Siku ile utepe ulikuwa unajikokota wakati nyie mnaimba. Halafu ukapelekwa kutengenezwa santuri kwenye mashine yenye umeme kamili."

Skrubu alikuwa ameishika kati ya vidole viwili.

"Ikaukimbiza," akasema polepole.

"Ikaukimbiza. Na kila kilichomo kikaenda mbio na kikapanda juu. Ngoma, gitaa, tarumbeta, hata mvumo wa umeme. Na wewe."

"Juu kiasi gani?"

"Kwa gitaa? Vyuma viwili vya shingoni, pale vidole vinapobana nyuzi."

Hapo akasimama kwa haraka mpaka akajigonga kwenye benchi. "Vyuma viwili! Sisi tulikuwa hatuwezi kupiga sambamba na santuri yetu wenyewe! Tulikaza nyuzi zikakatika, tukakaza, zikakatika. Mkuu wa bendi akasema ndivyo studio zilivyo, zinasafisha sauti. Na sisi nani alikuwa amewahi kujisikia kabla ya hapo? Mimi niliposikia ile sauti kwenye redio nikasema, huyu si mimi, lakini mpiga ngoma naye akasema huyu si mimi, mpaka tukachekana."

Tukaenda chumba cha nyuma. Nikaushusha wimbo mpaka mvumo ukarudi hamsini yake, nikabonyeza.

Gitaa likaingia bila haraka. Tarumbeta ikawa nene, ikaacha kulia kama inayofinywa. Kisha sauti ikaanza kujieleza mlangoni, na haikuwa zumari. Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, nzito, inayoona aibu kweli kweli kwa kuchelewa.

Mlango ukafunguka, Bi Mkubwa kasimama na mwiko mkononi, uso umemjaa furaha. "Eeh! Umeanza tena kuguguna we mzee?"

Akamwona mumewe amefunga mdomo. Akaangalia spika. Akamwangalia tena mumewe. Sauti ikaendelea kusingizia mvua.

"Huyo ni wewe," akasema.

"Nikiwa na miaka ishirini na saba."

"Mbona miaka yote mlikuwa mnanichezea yule mtoto wa kwenye redio? Mimi yule sijawahi kumjua. Nilifikiri ni ujana. Kumbe ndiye huyu huyu!" Akajikalia kwenye kiti cha mumewe, mwiko mapajani, akasikiliza mpaka gunia lilipofunga mdomo.

Mjomba hakulia. Nasema hivyo kwa sababu ningekuwa mimi ningelia. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, na chumba kile ni hatua nne.

"Kwa hiyo sikuiharibu."

"Ungeiharibuje, mjomba? Hukuwa nayo."

"Koo langu lilikuwa zima."

"Daktari alikwambia."

"Daktari alikuwa mtoto mdogo, nilijua anabahatisha." Akatembea tena. Kisha akasimama, na ile furaha niliyokuwa naisubiri haikuja. "Maana yake walimpenda nani, basi? Watu wale wote. Walimpenda mtu aliyetengenezwa na balbu mbovu. Nikasimama mbele yao nikiwa na sauti yangu mwenyewe, wakanizomea. Walikuwa sahihi. Zumari wa kweli hakuwepo ukumbini."

"Mjomba, sasa si unaweza kuimba? Huku chini unafika. Ubeti wa tatu..."

"Sitaki." Akashika kitasa. "Urudishe ulivyokuwa. Alhamisi kijana aje aimbe. Wakitaka zumari wapewe zumari."

Bi Mkubwa akainuka na mwiko wake, akamfuata.

Jumatano sikuurudisha. Sitasema nilikuwa na mpango. Nilikuwa na ukaidi, ambao ndio ulionitoa chuoni pia.

Alhamisi saa nne asubuhi wakafika. Kijana alikuwa na heshima kuliko nilivyomwandalia chuki. Alimwamkia mjomba kwa mikono miwili, akamwambia mama yake alikuwa anaupiga wimbo huu kila akipasi nguo, akakataa kukaa kabla ya Bi Mkubwa kukaa. Mjomba akamkaribisha, akasema ana mashine ya mteja, akabaki kwenye korido na bisibisi yake. Mlango hakuufunga.

Kijana akavaa hedfoni. Nikabonyeza. Akasikiliza beti mbili macho yamemtoka, na ubeti wa tatu ulipofika akaingia. Maneno ya mwanzo akayaweza. Lakini ubeti ule unateremka. Mume anaacha uongo, na wimbo unashuka naye ngazi moja moja mpaka kwenye neno la mwisho, "nifungulie," ambalo liko sakafuni kabisa. Kijana akashuka, akashuka, na kwenye "nifungulie" ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena. Hewa.

Akavua hedfoni. "Samahani. Mimi niliitiwa sauti ya juu. Huku chini sifiki."

Dada wa kampuni akanigeukia, miwani ikatikisika kichwani. "Huu wimbo umeufanya nini? Mbona unatembea?"

Nikamweleza. Mvumo, mota, balbu ya ncha ya sigara. Alielewa haraka, hilo simnyimi. Akafikiri kidogo, akasema, "Hadithi nzuri sana. Tutaiandika kwenye jalada. Sasa urudishe juu kijana aimbe, watu wanaujua wa juu."

Mkono wangu ukabaki juu ya meza. Sikuwa na haki ya kukataa. Wimbo haukuwa wangu, na mwenyewe alishasema urudishwe.

"Kabla hujarudisha," kijana akasema, "naomba nijaribu mara moja tu. Nataka nijue anakaaje hapo mwisho." Akavaa tena, nikabonyeza, akaimba kwa nguvu zake zote, akaliburuta lile neno kama mtu anayeburuta kabati.

"Hapana, hapana, hapana." Ilikuwa ni mjomba. Alikuwa ameshaingia chumbani na bisibisi yake, kichwa upande, macho kayafumba. "Unalivuta. Hilo neno halivutwi. Huyu mtu kesha kusema ukweli, hana nguvu tena ya kuvuta kitu. Pumzi unaimaliza kwenye 'ukweli,' halafu 'nifungulie' unaiacha idondoke yenyewe. Hivi."

Akaiacha idondoke yenyewe.

Haikuwa kubwa. Aliimba kama anavyoguguna kwenye benchi, neno moja tu, lakini lilishuka mpaka sakafuni likakaa, na glasi ya maji juu ya spika ikatetemeka. Kijana akatabasamu kwa mdomo wote. Akavua hedfoni, akampa mjomba kwa mikono miwili kama alivyomwamkia.

"Mzee, hii ni yako. Mimi nilikuwa nakushikia."

Mjomba akaziangalia zile hedfoni. Tulikuwa wanne mle ndani na kuku kadhaa nje, na waliokuwa hawamtazami ni kuku tu.

"Watasema si yeye," dada wa kampuni akasema. Hakusema kwa ubaya. Ni kazi yake kujua watu watasema nini. "Nakwambia ukweli, mzee wangu. Wataweka huu, watasikia sauti nzito, watasema Zumari gani huyu."

"Walishasema," mjomba akajibu. "Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nikawaamini." Akavaa hedfoni. Sikio moja likakaa vibaya, akalirekebisha. "Ule wa juu wanao. Hakuna anayewanyang'anya santuri zao. Huu sijawahi kuwapa. Weka, mwanangu."

Nikaweka, toka mwanzo.

Kijana wa miaka ishirini na saba akasingizia kazi. Akasingizia mvua. Mzee wa miaka sitini na tatu alisimama akimsikiliza, midomo inafuata bila sauti. Kisha njia ya utepe ikafika kwenye ukungu, na mjomba akaingia. Ulisikia kwamba huyu ni mkubwa zaidi. Sauti ilikuwa na mchanga kidogo, na pumzi ilikuwa fupi. Lakini haikuwa mtu mwingine. Ilikuwa kama mtu aliyesimama nje ya mlango muda mrefu sana kuliko alivyokusudia, na bado anaomba afunguliwe. Akashuka ngazi moja moja. "Ukweli" ukamaliza pumzi. "Nifungulie" ikadondoka.

Nilipocheza wimbo mzima, sauti ya ujana na ya uzee zikifuatana, dada wa kampuni aliishusha miwani yake kutoka kichwani. Nilidhani atasoma kitu. Alifuta macho, akairudisha.

"Zote sita?" akaniuliza. "Zote sita zishushwe kila moja kwenye hamsini yake?"

"Zinashuka leo leo," nikasema.

"Basi itabidi nibadili jalada. Nilishaandika 'sauti nyembamba isiyosahaulika.'"

"Andika 'nyembamba kwa hisani ya umeme,'" nikamshauri. Akanitazama kama mama yangu anavyonitazama.

"Niachie," akasema. Halafu akasimama, akapanga mkoba wake begani. "Mzee wangu, sina la kuongeza. Huo ubeti tunao. Safi kabisa. Naupeleka ofisini hivyo hivyo, na atakayeuliza huyu ni nani, nitamwambia ndiye mwenyewe."

Bi Mkubwa akapiga kigelegele kifupi kutoka mlangoni. Kijana akapiga makofi. Mimi nikaanza kuhifadhi kazi kabla umeme haujafanya utani mwingine.

Mjomba hakutoka kwenye maiki. Alikuwa amekunja uso kama aliyesikia uzi umejisokota chini ya sahani.

"Hilo neno 'mvua,' mwanzoni mwa ubeti wa tatu, pale anapokiri haikunyesha," akasema. "Nimelikanyaga. Tunarudia."

"Mzee, limekaa vizuri tu," dada wa kampuni akasema, akiangalia saa. "Nina kikao."

"Keti, binti yangu," mjomba akamwambia, na kile kiti kilichokuwa chake akakisukuma kwa mguu kuelekea kwake. "Nimeambiwa leo kwamba nina sauti. Siwezi kuitumia mara moja tu."